Chakula Bora Kilichoishia Jalalani: Kisa cha Shule za Los Angeles

Desemba 2011, miezi michache tu baada ya shule za umma za Los Angeles kubadilisha menyu, gazeti la Los Angeles Times lilichapisha habari iliyowaumiza wengi waliopigania mabadiliko hayo. Wanafunzi walikuwa wanakikataa chakula. Maelfu walishaacha kupanga foleni ya mchana. Walimu wakuu walieleza jinsi maboksi ya maziwa yalivyokuwa yakitupwa bila kufunguliwa na chakula kikimwagwa bila kuguswa. Shuleni kulizuka biashara ya magendo: chipsi za pakiti, peremende na baga zilizonunuliwa nje ziliuzwa chini kwa chini, na wateja hawakukosekana.

Kinachofanya kisa hiki kistahili kuchambuliwa ni kwamba waliokiendesha hawakuwa wazembe. Msimu uleule wilaya ya shule ya Los Angeles, yaani chombo kinachoziendesha shule hizo, ilikuwa imetuzwa na Wizara ya Kilimo ya Marekani, na pia na kundi la madaktari liitwalo Physicians Committee for Responsible Medicine. Hesabu ya virutubisho ilikuwa sahihi. Sera ilikuwepo kwenye maandishi. Bodi ilikuwa upande wake. Na bado chakula kilikwenda jalalani. Kwa maoni yangu, Los Angeles ilijikwaa mahali ambapo shule nyingi hujikwaa, yaani ilitunga sera iliyoishia kwenye orodha ya vyakula, na haikuipa uzito ule mwendo wa chakula kutoka jikoni hadi mdomoni mwa mtoto.

Kwanza ukubwa wa jambo lenyewe. Nchini Marekani wilaya ya shule ni chombo kinachojitegemea, chenye bodi inayochaguliwa na wananchi, bajeti yake na majiko yake. Wilaya ya Los Angeles ni ya pili kwa ukubwa nchini humo baada ya New York, na wakati huo iliandaa milo kama 650,000 kwa siku. Wanafunzi wengi ni wa asili ya Amerika ya Kilatini, na wengi zaidi wanatoka katika nyumba zenye kipato kidogo, hivyo wanastahili kula bure au kwa bei iliyopunguzwa. Kwa mtoto wa namna hiyo, mlo wa shuleni mara nyingi ndio mlo wake mkuu wa siku. Akiukataa, hana mwingine mezani wa kuufidia. Atanunua pakiti ya chipsi, au atashinda na njaa hadi jioni.

Los Angeles haikusubiri kusukumwa na sheria. Agosti 2002 bodi yake ilipiga kura kupiga marufuku uuzaji wa soda wakati wa masomo, kwa hoja iliyoongozwa na mjumbe Marlene Canter, na marufuku ikaanza Januari 2004. Uamuzi huo haukuwa mwepesi, kwa sababu mashine za soda zilikuwa zikiingiza fedha zilizolipia jezi, safari za michezo na vilabu vya wanafunzi. Mwaka 2003 bodi iliongeza masharti kuhusu vitafunio. Miongoni mwa vinywaji vilivyoruhusiwa na bodi vilikuwa maji, maziwa na juisi.

Serikali kuu ilifuata nyuma. Sheria ya lishe ya watoto iliyosainiwa na George W. Bush tarehe 30 Juni 2004 ilizitaka wilaya zote zinazopokea fedha za chakula cha mchana ziwe na sera ya afya na lishe ifikapo mwanzo wa mwaka wa masomo wa 2006/07. Sera hiyo ilitakiwa kuweka malengo ya elimu ya lishe na mazoezi ya mwili, kuweka viwango vya vyakula vyote vinavyopatikana shuleni, na kumtaja mtu atakayewajibika kuhakikisha inatekelezwa. Ilitakiwa pia itungwe kwa kuwashirikisha wazazi, wanafunzi, idara ya chakula, bodi, wakuu wa shule na wananchi.

Wilaya nyingi zilitekeleza sharti hilo la mwisho kwa kunakili kielelezo kutoka mahali fulani, kukipitisha kikaoni na kukifungia kabatini. Nalilaumu hilo kwa moyo wote, maana ndilo sharti lenye uzito kuliko yote. Sheria iliyosainiwa na Barack Obama tarehe 13 Desemba 2010 ilijaribu kuziba pengo hilo: viwango vya milo vikakazwa, wilaya zikaongezewa senti 6 kwa kila mlo wa mchana unaovifikia, na kanuni iliyotoka 2016 ikazilazimisha wilaya kujitathmini kila baada ya miaka mitatu na kuwatangazia wananchi matokeo. Lakini mwaka 2011 mambo hayo mengi yalikuwa bado njiani. Los Angeles ilikimbia mbele ya wenzake.

Mwaka huo ulianza kwa kishindo cha televisheni. Mpishi Mwingereza Jamie Oliver alikuwa mjini akitengeneza kipindi kuhusu chakula cha shule, na katika onyesho moja alijaza basi la shule mchanga mweupe kuwakilisha sukari inayoongezwa kwenye maziwa yenye ladha ambayo watoto wa wilaya hiyo walikunywa kwa wiki. Picha hiyo ilisambaa. Msimamizi mpya wa wilaya, John Deasy, aliahidi hadharani kuyaondoa maziwa ya chokoleti na ya stroberi, na mwezi Juni bodi ikakubali kwa kura 5 dhidi ya 2.

Kisha ikaja menyu mpya. Vipande vya kuku vya kukaanga, soseji zilizochovywa kwenye uji wa unga wa mahindi na nacho za jibini viliondolewa. Mahali pake paliwekwa mchuzi wa mboga wa kari, tambi za Kithailandi, wali wa jambalaya wa nyama ya ng'ombe, katlesi za dengu na mchele usiokobolewa, na saladi ya kunde na kwinoa, yaani mbegu za Amerika Kusini zinazopikwa kama wali. Ukiisoma orodha hiyo ukiwa umetulia na tumbo limeshiba, unaona imepikwa kwa akili na upendo. Tena ilionjwa: wakati wa kiangazi wilaya iliwaalika watu kwenye jiko lake kuu waonje, na maoni yalikuwa mazuri.

Hapo ndipo nataka tukae kidogo. Mmoja wa wanafunzi walioonja alisema baadaye kwamba siku ile jikoni chakula kilikuwa kitamu sana. Aliporudi shuleni akakuta supu ya kuku ya Kimeksiko ina maji matupu, tamale ya mboga, yaani donge la unga wa mahindi linalofungwa na kupikwa kwa mvuke, imeungua na kuwa ngumu, na tambi zimelowa hadi zikawa kama uji. Wengine walilalamikia wali mgumu, nyama isiyoiva, hata ukungu. Mapishi yalikuwa yaleyale yaliyoandikwa kwenye karatasi. Kilichobadilika ni kila kitu kilichofuata baada ya karatasi.

Jiko kuu lina wapishi waliobobea, vifaa na nafasi. Shule nyingi hazina jiko la kupikia. Zina oveni za kupashia moto chakula kilichofungashwa na wahudumu wanaolipwa kwa saa chache za siku. Kipande cha kuku kilichogandishwa kinavumilia maisha hayo, kwa sababu kiwandani kilitengenezwa kivumilie. Ukikipasha kupita kiasi bado kinalika. Tambi zenye mchuzi hazivumilii. Mchele usiokobolewa unahitaji maji na muda wake, na ukikaa saa nzima kwenye trei ya moto unakauka kama kokoto. Kwa hiyo kuondoa kuku wa kugandishwa na kuweka kari kulimaanisha kubadili kazi ya maelfu ya watu, si chakula peke yake. Wapishi na wahudumu walihitaji mafunzo, vifaa na saa za kazi za ziada kabla ya mtoto wa kwanza kupewa trei. Hilo halikufanyika kwa kiwango kilichohitajika, nami naliona kuwa kosa kubwa kuliko yote katika kisa hiki.

Fedha nazo zilibana. Mwaka wa masomo wa 2011/12 kiwango cha kawaida ambacho serikali kuu ililipa kwa mlo wa bure wa mchana kilikuwa dola 2.77. Hiyo si bei ya chakula peke yake. Ndani yake mnatoka mishahara, malori, umeme, vyombo na sabuni, na kinachobaki ndicho kinachonunua mboga, nyama, nafaka, tunda na maziwa. Zaidi ya hayo, malipo huja kwa kila mlo uliochukuliwa. Mtoto akiacha foleni, wilaya inapoteza fedha zake, ilhali mpishi na lori wameshalipwa. Ndiyo maana kupungua kwa walaji hakuwezi kupuuzwa kwa kusema watoto watazoea. Wakati tunasubiri wazoee, mfuko wa kuboresha chakula unatoboka.

Halafu kuna suala la muda, ambalo kwenye sera nyingi hupewa mstari mmoja au halipewi kabisa. Malalamiko ya foleni ndefu katika shule za Los Angeles yalikuwepo miaka mingi kabla ya menyu mpya. Wataalamu wa afya ya shule Marekani hupendekeza mtoto apate angalau dakika 20 za kula akiwa ameshakaa, muda wa foleni ukiwa pembeni. Sasa fikiria mtoto aliyefika dirishani dakika 10 kabla ya kengele. Pizza ataila akitembea. Saladi, tofaa zima na mchuzi vinahitaji kiti na uma. Chakula bora kwa kawaida ndicho kinachodai muda mrefu zaidi, na shule iliyoleta chakula bora bila kuongeza muda imempa mtoto sababu ya kukitupa.

Ladha nimeiweka mwisho kwa makusudi, kwa kuwa ndiyo inayotajwa kwanza kila kisa hiki kinaposimuliwa, kana kwamba watoto wa mjini wameharibika ulimi na hawawezi kula chochote ila vya kukaanga. Silikubali hilo. Wengi wa watoto hawa wanatoka nyumba ambazo maharage, mahindi, pilipili, malimau na kabichi huliwa kila wiki. Kuna chakula bora kabisa ndani ya upishi wa mama zao na nyanya zao. Wilaya ilijaribu supu na tamale, ni kweli, lakini vilifika mezani vimeharibika, na pembeni yake kukawa na kwinoa na kari ambazo wengi hawakuwahi kuziona. Mtoto wa miaka saba haanzi chakula kigeni kwa kukipenda. Hukizoea kwa kukionja mara nyingi, kidogo kidogo, akiwa na mtu anayemwamini. Kumbadilishia karibu kila kitu mwezi mmoja, maziwa pia yakiwemo, ni kumtaka aamini kabla hajaaminishwa.

Wilaya ilifanya nini? Hapa inastahili sifa ambayo kwa nadra hupewa. Mkurugenzi wa huduma za chakula, Dennis Barrett, hakukana tatizo. Ilitangazwa kwamba jambalaya, kari ya mboga, tambi za Kithailandi, katlesi za dengu na saladi ya kwinoa na kunde vinaondolewa, na baga zitakuwepo kila siku. Wapo waliosema wilaya imesalimu amri. Lakini tazama pizza iliyorudi: ukoko wake ni wa ngano isiyokobolewa, jibini ina mafuta kidogo, mchuzi una chumvi iliyopunguzwa. Viwango havikuguswa. Kilichorudi nyuma ni sura ya chakula, na mtoto hula sura kabla ya kula virutubisho.

Tatizo la vyakula kutupwa halikuisha, hata hivyo. Kuanzia 2012 kanuni za serikali kuu zilimtaka kila mwanafunzi achukue angalau nusu kikombe cha tunda au mboga ili mlo wake uhesabike kulipiwa. Kuchukua si kula. Mwaka 2014 David Binkle, aliyekuwa akiongoza idara ya chakula wakati huo, alikadiria kuwa wilaya inatupa chakula cha dola 100,000 kwa siku, yaani karibu dola milioni 18 kwa mwaka, na alisema hayo ni makadirio ya chini. Mwaka 2016 bodi iliruhusu maziwa yenye ladha yarudishwe kwa majaribio katika shule chache, hoja kuu ikiwa kwamba maziwa meupe yanatupwa mno. Mimi nisingeyarudisha. Sukari iliyoondolewa kwenye kinywaji cha kila siku cha mtoto mdogo ni ushindi ambao haupatikani mara mbili, na maji safi ya kunywa yaliyo karibu na meza yangemaliza kiu bila kuleta mzozo. Lakini namwelewa mjumbe wa bodi aliyeyaona maboksi yale kwenye pipa akasema mtoto asiyekunywa maziwa hapati kalsiamu iliyomo.

Kuna mambo mawili ambayo yalifanikiwa, nayo hayakupata vichwa vya habari vikubwa. La kwanza ni kifungua kinywa. Watoto wachache tu waliokuwa wakistahili ndio waliokuwa wakila asubuhi kantini, kwa sababu basi huchelewa, na kwa sababu kuonekana kantini kabla ya kengele kulikuwa kama kutangaza umaskini wa nyumbani. Wilaya ikahamishia chakula hicho darasani, kila mtoto akila kwenye dawati lake mwanzo wa siku. Idadi ya wanaokula ikapanda sana. Chama cha walimu kililalamika: muda wa masomo unaliwa, makombo yanaleta wadudu. Malalamiko hayo yalikuwa na msingi, na Mei 2013 bodi ilipoamua mpango uendelee, ilikuwa baada ya mjadala wa wazi uliojaa wazazi, walimu na wafanyakazi wa jikoni. Menyu ya 2011 haikuwahi kupata mjadala wa namna hiyo kabla ya kuanza.

La pili ni ununuzi. Mwishoni mwa 2012 wilaya ilikubali sera ya ununuzi wa chakula bora iliyoandaliwa na baraza la sera ya chakula la Los Angeles. Sera hiyo inampima muuzaji kwa mambo matano: uchumi wa eneo, mazingira, hali za wafanyakazi, utunzaji wa mifugo na lishe. Wilaya inayopika kwa wingi wa namna hiyo ikisema inataka mboga za California na mkate wa ngano isiyokobolewa, msambazaji atazitafuta. Miji mingine mikubwa ya Marekani iliichukua sera hiyo baadaye.

Je, afya za watoto zilibadilika? Kwa menyu ya 2011 peke yake sina jibu la kumpa mtu. Kuhusu marufuku ya soda na vitafunio, utafiti uliochapishwa 2010 katika jarida la Health Affairs uliwalinganisha watoto wa darasa la tano na la saba kabla na baada ya masharti, ukaona kasi ya ongezeko la uzito uliozidi ilipungua, ingawa si sawa kwa wavulana na wasichana wala kwa kila umri. Ushahidi ninaouona kuwa mzito zaidi unatoka Philadelphia. Huko shule 10 zenye wanafunzi 1,349 zilifuatiliwa kwa miaka miwili. Zilizopewa mpango kamili zilikuwa na asilimia 7.5 ya watoto walioingia kwenye uzito uliozidi, na zile za kulinganishia asilimia 14.9. Mpango wenyewe ulianza kwa kila shule kuunda timu yake na kujipima. Walimu walipewa mafunzo, wanafunzi walipata saa nyingi za somo la lishe, wazazi walifikiwa, na soda ikaondolewa pamoja na hayo yote. Chakula kilibadilishwa huku watu wanaokizunguka wakiandaliwa. Los Angeles ilianza na chakula, watu wakafuata baadaye.

Tangu mwaka wa masomo wa 2022/23 California inampa kila mtoto wa shule ya umma kifungua kinywa na chakula cha mchana bure, bila kuuliza kipato cha nyumbani. Hilo limeondoa aibu ya foleni ya maskini. Halijaongeza dakika kwenye ratiba wala jiko kwenye shule isiyo na jiko.

Wasomaji wa lugha hii wenye watoto katika shule za umma za Marekani, na ni wengi siku hizi, kuanzia familia za Wakongomani waliohamia kama wakimbizi hadi Wakenya na Watanzania walioko kikazi, wana haki ambayo wengi hawaijui. Sheria inaitaka wilaya inayopokea fedha za chakula iwaruhusu wazazi kushiriki kutunga na kupitia sera ya afya na lishe, na iitangaze sera hiyo pamoja na tathmini yake. Huhitaji kuwa raia wala mtaalamu. Mtafute mtu aliyetajwa kuwajibika kwa sera hiyo, umwombe nakala na tarehe ya kikao kijacho, na kama Kiingereza kinakusumbua omba mkalimani mapema. Ukifika, usianze na orodha ya vyakula. Uliza chakula kinapikwa wapi na kinapashwa moto wapi. Uliza wahudumu walifundishwa lini mara ya mwisho, nani aliyeonja kile kinachofika shuleni badala ya kile kinachotoka jiko kuu, na mtoto wa mwisho kwenye foleni anabakiwa na dakika ngapi za kula.